Shujaa Aliyerudi Ujanani Asioe

Fundi cherehani yule hakuwa na simile na upuuzi. Mteja aliyenenepa kisha akaisingizia futi ya kupimia alipashwa papo hapo, mbele za watu.

Asubuhi moja mumewe, karani mstaafu aliyejitia utunzi, alimsomea hadithi yake ya kisayansi. Shujaa anapanda mashine, anarudi ujanani mwake, anajikataza kuoa.

“Kisa?” fundi akauliza, mguu ukiwa bado kwenye pedeli.

“Amejuta.”

“Amejuta kwa sababu alioa. Asipooa atajutia nini? Na asipojuta, hiyo mashine ataipandia nini? Asipoipanda, hakuna wa kumkataza. Ataoa tena, zuzu wako huyo!”

“Hii ni sayansi, mke wangu.”

“Sayansi kitu gani! Majuto ni mjukuu, na wewe unamtuma mjukuu akamzuie babu yake asizae.” Akakata uzi kwa meno. “Halafu mbona mke wa shujaa naye anashona nguo?”

Mume akaufunika ukurasa kwa kiganja.

“Mwambie asihangaike na mashine. Mlango ule pale, haujafungwa.”

Mume akautazama mlango, akazikunja karatasi zake, kisha akauliza mchana watakula nini.