Kigoda Kando ya Kompyuta Kuukuu

Mwanamke huyu alikuwa na kigoda chake, na si cha jikoni. Kilikaa chumba cha mbele, kando ya meza ya mumewe, fundi wa kusuka mota. Juu ya meza hiyo ilikaa kompyuta kuukuu, ya zile za zamani kabisa ambazo mashine nzima imo ndani ya kibodi. Ukitaka kuona kitu, unaiunganisha na televisheni. Ukitaka programu, unaipigia kaseti, kaseti ileile ya muziki, ila hii haiimbi, inalia.

"Watu wanatia kompyuta mfukoni siku hizi," jirani yao mshonaji alipenda kumtania fundi. "Yako bado inataka kaseti?"

"Inafanya kazi," fundi humjibu. "Mama yako amezeeka, umemtupa?"

Na ilifanya kazi kweli. Mtu akileta mota ya pampu iliyoungua, fundi anapima chuma chake, anaiuliza kompyuta, nayo inamwambia atumie waya wa unene gani na auzungushe mara ngapi. Programu hiyo aliitunga mwenyewe kabla hajaoa. Shida ni kwamba kaseti zilikuwa zimechoka, na redio ya kuzipigia imechoka zaidi. Hedi yake, kile kichuma kidogo kinachosoma mkanda, ilikuwa inalala upande. Ili kompyuta isikie, lazima mtu aingize bisibisi nyembamba kwenye tundu, azungushe skrubu taratibu huku anasikiliza. Mlio ukiwa mzito, kama wa mtu anayeongea ndani ya blanketi, bado. Ukiwa mkali wa kukata masikio, hapohapo, acha.

Masikio ya fundi yaliharibiwa na mashine za kiwandani alikofanya kazi ujanani. Kwa hiyo skrubu ilikuwa ya mkewe. "Mama watoto, njoo unifungulie," ataita, naye ataacha sufuria, atakaa kigodani na mtoto mgongoni, atainamisha kichwa na kufumba jicho moja. Mambo ya ndani ya kompyuta hakuyajua. Alisoma shule ya msingi tu, na mashine yenyewe inaongea Kiingereza. Lakini mlio ukishakuwa mkali, na fundi akasema, "Umeipata, ehe, umeipata!", alijiona yumo ndani ya maisha ya mumewe, si kwenye sahani na nguo chafu peke yake.

Basi akaja Mwalimu.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, wa kucheka kwa sauti, hana mume. Jirani mshonaji alihakikisha habari hiyo ya mwisho inafika mapema. Alileta feni iliyoungua, na kabla hajaiweka chini akapiga kelele: "Jamani! Hii! Mnayo hii!" Kumbe na yeye anayo nyumbani, aina hiyohiyo, ameachiwa na marehemu baba yake, na mpaka leo anatungia maswali ya wanafunzi. Fundi, mtu ambaye kumtoa neno ni kama kung'oa msumari, aliongea mpaka feni ikasahaulika mlangoni.

Toka hapo kila Jumamosi Mwalimu yupo. Fundi akawa "kaka", na mkewe akawa "wifi". Wifi! Tangu lini? Wanakaa wawili mbele ya televisheni, mmoja anaandika, mwingine anadakia, "Si hapo, irudishe juu kwanza!" kisha wanacheka. Wanacheka nini? Kioo kina namba tupu. Mke alisimama mlangoni akatazama namba, akatazama meno ya mumewe. Magego yale hakuwa ameyaona tangu siku ya harusi.

"Mwenzangu," jirani alimwambia uani, pini zikiwa mdomoni, "feni ya huyu inapona lini?"

"Wanaongea kompyuta tu."

"Ndiyo hiyo sasa. Wangeongea mapishi ungedakia. Hiyo utadakia nini?"

Neno hilo lilimkaa kifuani. Wangeongea mapenzi angepata la kuwapigia kelele. Hawa wanaongea namba. Utamfumaniaje mtu na namba?

Jumamosi moja Mwalimu aliahidi kuleta kaseti ya baba yake, iliyokataa kusomeka kwake. Asubuhi, fundi alipotoka kununua waya, mkewe alikaa kigodani, akachukua bisibisi, akaizungusha skrubu mpaka ikalegea kabisa. Moyo ulimdunda kama wa mwizi wa kuku. Alichopanga kilikuwa rahisi: watahangaika, watashindwa, wataita. Naye atakuja polepole, akijifuta mikono, aweke mambo sawa mbele ya huyo wifi. Ajue nani mwenye kigoda.

Wakahangaika kweli. Yeye yuko uani anamwogesha mtoto, masikio yote yako ndani. Mlio mzito. Kimya. Mlio mzito tena.

"Mama watoto! Njoo unifungulie!"

"Namwogesha mtoto!" akajibu, akammwagia maji upya mtoto wa watu aliyekwisha kung'aa. Wacha waite tena, alijisemea. Wabembeleze kidogo.

Hawakuita tena. Akasikia mlio unapanda, unapanda, ukawa mkali kama kisu. Akatoka mbio, mtoto anachuruzika maji. Mwalimu alikuwa amekaa kigodani pake. Bisibisi mkononi, kichwa kainamisha vilevile, jicho moja kafumba.

"Hodari!" fundi alikuwa anasema. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa baba. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa hiyo. Yeye anaandika, mimi nasikiliza."

Wivu wa mwanzo, ule wa mume, ulikuwa unachoma. Huu wa sasa ulizidi. Kitu alichodhani ni chake peke yake katika nyumba nzima, kumbe ni kazi ya kitoto.

Kaseti ya baba ikasomeka, kioo kikaandika: UMEMALIZA KAZI YA SHULE? Mwalimu akajibu ndiyo. Kikaandika: MWONGO. Mwalimu akacheka, halafu akalia, akajifuta pua kwa kiganja.

"Baba huyu! Alinichosha na skrubu, mpaka siku moja nikanuna. Akanipisha kiti. Nikatunga programu yangu ya kumjibu, iko upande wa pili wa kaseti hii."

Mwalimu alipoondoka, fundi aliichungulia redio. "Skrubu ilikuwa imelegea mpaka mwisho. Kuna mtu kaigusa."

"Mimi."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Mama watoto! Kaseti ya marehemu ile! Mkanda ungekatika je?"

"Ningemwomba radhi. Lakini ningefurahi kwanza."

Fundi alikosa pa kuweka mikono. "Yule dada sina lolote naye."

"Najua. Ungekuwa na lolote ningejua pa kuanzia. Siku zote nakufungulia mlango, unaingia, unaniacha nje. Yule kaja juzi tu, kaingia mpaka ndani."

"Hukuwahi kusema unataka kuingia."

"Uliniuliza?"

Mkewe alimkabidhi mtoto, na taulo lake lililolowa. "Nipishe hicho kiti."

"Sasa, kile Kiingereza chake..."

"Utaniambia. Ulimwambia mwenzangu mambo mengi, pumzi haikukuishia."

Akakaa. Akatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, akaandika alivyoelekezwa, ili jina lake litokee kwenye kioo. Halikutokea. Kikaja kimstari cha Kiingereza, kifupi, kama tusi.

"Umekosea pale..." fundi akanyoosha mkono.

"Usiguse! Na usiniambie. Nitapaona mwenyewe."

Mtoto akaanza kulia. Fundi akasimama, akangoja, kama alivyozoea kungoja, mtu aje amchukue. Mkewe hakugeuka. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na kioo, anapitisha kidole chini ya kila herufi.

"Mbembeleze," akasema. "Mimi nina kazi."