Simba wa Safu ya Maoni

Niliandika uongo kwenye kitabu cha wageni cha hifadhi, na kwa uongo huo mwongoza wageni mmoja, kijana wa watu asiye na kosa lolote, akasimamishwa kazi. Nimeanza na hilo ili asitokee mtu akasema nimelificha. Kosa ni langu. Ila nikishakiri, naomba na mimi niruhusiwe kukasirika, kwa sababu uongo wangu ulikuwa mdogo, wa mstari mmoja na nusu, na walioulisha mpaka ukanenepa ni watu wenye akili zao, mmoja wao ana shahada.

Nasoma kidato cha tatu hapa Makambako. Shuleni kwetu kuna klabu ya mazingira, ambayo kazi yake ni kupanda miti siku ya mgeni rasmi na kuisahau siku inayofuata. Mwaka mzima tuliahidiwa safari ya Ruaha. Ruaha, jamani! Tembo, viboko, simba wanaolala barabarani kama wamelipia kiwanja. Nikawatangazia watu wa mtaa wetu wote. Halafu wiki mbili kabla, mwalimu wa biolojia, ambaye ndiye mlezi wa klabu, akasimama mstarini akasema Ruaha ni mbali, tutaenda Kitulo.

Kitulo kuna maua.

Nilinyoosha mkono nikauliza kama tubebe darubini au tubebe maji ya kumwagilia. Shule nzima ilicheka. Mwalimu hakucheka, nikafagia uwanja.

Tulitoka alfajiri, tukapita Njombe, tukapanda milima ya Makete mpaka masikio yakaziba. Sisi wa Makambako tunajisifu kwamba baridi tumeizoea, lakini ile ya kule juu ilikuwa na chuki binafsi. Getini tukapewa mwongozaji, kijana wa kikundi cha waongoza wageni cha kijiji kilichopakana na hifadhi. Mrefu, mwembamba, koti la kijani la kikundi, kitambulisho kifuani. Nilimpenda tangu alipofungua mdomo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Karibuni Bustani ya Mungu," alisema. "Hapa hatari kubwa ni ukungu. Ukiona umeshuka, simama ulipo. Ukijifanya unajua njia utaishia kwenye tope la bondeni, au utazunguka kilima hicho hicho mpaka jioni."

"Na simba?" niliuliza.

"Simba hayupo, mdogo wangu."

"Hata mmoja mgonjwa?"

"Hata mgonjwa."

"Sasa kaka, wewe hapa unatulinda na nini?"

"Nayalinda maua na wewe," akajibu. Wenzangu walipiga kelele za kunicheka mpaka ndege wakaruka. Nilikuwa sijazoea kushindwa mapema hivyo.

Alitutembeza kutwa. Alituonyesha maua ya njano, ya zambarau, mengine madogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, akataja majina yake ya Kikinga, halafu ya kitaalamu, halafu akatuambia ni lipi bibi yake alikuwa anachemshia mtoto mwenye tumbo. Akasema wakati wa wakoloni yale majani yalikuwa ya kondoo, baadaye yakaja mambo ya ng'ombe wa maziwa. Akachimbua udongo kidogo kwa kidole, akatuonyesha shina la okidi bila kuling'oa, akasema chini yake kuna kiazi, na zamani watu walivichimba viazi hivyo kwa magunia, vikavushwa mpaka Zambia, vikapondwa na karanga vikaliwa.

"Watu walikula maua?" msichana mmoja wa darasani kwetu aliuliza.

"Walikula hifadhi," akasema.

Akatuambia pia habari za kima anayeitwa kipunji, anayeishi kwenye misitu ya pembeni. Wataalamu walitangaza miaka ya karibuni tu kwamba wamemgundua. "Lakini jina waliliuliza kwa wazee wa Rungwe," akasema, "ambao walikuwa wanamfukuza kwenye mahindi siku zote." Hiyo niliipenda sana. Nilikuwa nimebeba simu ya mama kwa ajili ya picha, nikachukua namba yake nikamwahidi kumtumia picha alizotoka vizuri, na yeye akachukua ya kwetu.

Sasa, wakati wa kutoka, kuna kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, saini, maoni. Mwalimu alienda kuzungumza na mhasibu wa hifadhi, sisi tukapanga foleni, na mimi nilikuwa wa kwanza kwa sababu nilitaka kuwahi kiti cha dirishani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, roho ilikuwa bado inadai simba wake wa Ruaha. Kwenye safu ya maoni nikaandika: "Pazuri sana, ila simba jike na watoto wake wawili walitutisha kule bondeni. Wekeni uzio." Nikasaini, nikaenda zangu kwenye basi.

Nilitegemea nini? Nilitegemea wa pili aisome, acheke, amwonyeshe wa tatu, mwalimu aje anipige kofi la mgongo, aifute, yaishe. Huo ndio ulikuwa mpango mzima wa uovu wangu.

Lakini nchi hii mtu hasomi kitabu cha wageni. Msibani, kwa mtendaji wa kijiji, zahanati, shuleni mkaguzi akija, ni kile kile: wa kwanza anahangaika kutafuta maneno, na wote wanaomfuata wanaandika "kama hapo juu". Wa pili akaandika kama hapo juu. Wa tatu kama hapo juu. Watu ishirini na tisa wa klabu ya mazingira, wanaopenda mazingira kiasi hicho, wakapita mmoja mmoja na kuthibitisha kwa saini zao kwamba walitishwa na simba jike mwenye watoto wawili. Dereva wa basi, aliyekwenda kutafuta choo, akasaini akipita: kama hapo juu. Mwisho akaja mwalimu. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaongeza na cheo: kama hapo juu.

Siku ya nne nilikuwa sokoni namsaidia mama kuchambua viazi, vizuri huku, vya kukatika huku, simu yake ikaita. Mama huweka spika kwa sababu mikono ina udongo.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba kuongea na yule kijana wako mchekeshaji, aliyekuja Kitulo."

Mama akanitazama. "Anakusikia. Ongea."

"Mdogo wangu," sauti ikasema, na haikuwa na utani tena, "simba mlimwonea wapi?"

Niliokota kiazi nikaanza kukifuta udongo.

"Mimi nilikuwa mbele yenu siku nzima. Kwenye karatasi yangu niliandika hakuna tukio. Sasa kitabu kina watu zaidi ya thelathini na mwalimu wenu, wote wameona. Kikundi kinasema niliwaficha simba ili wageni wasikimbie. Kitambulisho wamechukua. Kijijini ng'ombe hawajatoka siku tatu, watoto hawaendi shule, askari wa hifadhi wanatembea kwenye ukungu wanatafuta nyayo. Nambie tu, nilipitwa wapi? Nimelala usiku nikirudia njia yote kichwani. Labda kweli nilipitwa."

Mtu aliyejua kila ua kwa majina matatu, nilikuwa nimemfanya asiyaamini macho yake mwenyewe. Na watu wa kule si wajinga kuogopa. Simba waliwahi kupita upande wa Wanging'ombe wakala ng'ombe wa watu, kila mtu wa huku anakumbuka.

"Hakukuwa na simba, kaka," nilisema. "Nilitania."

Akasema, taratibu, "Basi waambie hivyo. Mimi hawanisikii." Simu ikakatika.

Mama aliendelea kuchambua viazi. Sasa kila kiazi alikitupa guniani kwa kishindo, na kwa mama yangu hiyo ni hali ya hatari.

Kesho yake asubuhi nilimfuata mwalimu ofisini. Nilidhani kazi ni rahisi: mimi nakiri, nachapwa, yeye anapiga simu moja, mtu anarudi kazini.

"Mwalimu, yule simba niliandika mimi. Ni uongo."

Akafunga mlango. "Punguza sauti. Umemwambia nani?"

"Mwongozaji amesimamishwa kazi, mwalimu. Naomba uwapigie useme hukumwona."

"Mimi nilisaini nilichokiona."

"Ulimwona simba, mwalimu?"

Alirekebisha kola. "Kulikuwa na ukungu. Niliona kitu chenye rangi ya simba."

Rangi ya simba! Majani yote makavu ya nyanda hizi yana rangi ya simba. Mbwa wa jirani yetu ana rangi ya simba. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba mwanasayansi huandika alichokiona tu, na nilipokosea mchoro wa seli aliniambia nimedanganya. Ila sasa kukana kungemaanisha alisaini bila kusoma, na mkuu wa shule, aliyepigiwa simu na watu wa hifadhi, alishampongeza mstarini kwa kuwarudisha watoto salama kutoka mdomoni mwa simba. Alipewa makofi. Niliyapiga na mimi, Mungu anisamehe.

Nikageukia wenzangu. Wale nilijua wananijua. Mapumziko nikapanda juu ya benchi nikasema simba ni wangu, nimemtunga mimi, hayupo.

"Wewe hukumwona kwa sababu ulikuwa nyuma unatania," akasema yule msichana aliyeuliza habari za kula maua. "Mimi nilimwona. Sikio moja limekatika."

"Sikio nani alilikata? Mimi sikuandika sikio!"

"Kwa hiyo kila kitu mpaka uandike wewe?"

Mwenyekiti wa klabu akanivuta pembeni. "Mwanangu, tukikana sote tutaonekana waongo. Acha lipite."

Lipite wapi? Lilikuwa limesimama juu ya mtu! Sijawahi kukasirika vile. Nimesema uongo mwingi maishani, nimesema bibi amefariki mara tatu, na mara zote nilikamatwa kabla ya saa nne. Mara hii moja natafuta wa kunikamata simpati.

Jioni nilimweleza mama yote, pamoja na rangi ya simba na sikio. Alinawa mikono, akafunga kitenge.

"Kesho hakuna shule," alisema. "Tunakwenda."

Tulifika kijijini kwao mchana, mvua ya manyunyu. Ofisi ya kikundi ni chumba kimoja cha mbao. Mwongozaji alikuwa amesimama nje chini ya bati, na shati tu, mikono kwapani. Koti la kijani lilichukuliwa pamoja na kitambulisho. Alimwamkia mama kwa heshima, mimi akanipa mkono bila kunitazama. Ulikuwa wa baridi kama bomba.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mzee wa makamo, mbele yake simu yenye picha ya ukurasa ule. Nilipiga magoti, nikasema maneno niliyoyapanga njia nzima.

"Umetumwa," akasema.

"Sijatumwa, mzee. Niliandika uongo."

"Mtoto mmoja dhidi ya watu thelathini na mwalimu? Huyu kijana kakulipa nini?"

Damu ikanipanda. Nimesafiri kutoka Makambako kuja kuungama, naambiwa nimehongwa!

"Mzee, naomba nione hiyo picha," nilisema. Nikaikuza kwa vidole. "Haya, soma ya pili. Soma ya tatu. Shuka mpaka chini. Kuna mtu mmoja humo aliyeandika neno simba zaidi yangu?"

"Wameandika kama hapo juu."

"Na huyu hapa ni dereva. Dereva alilala kwenye basi tangu tulipofika mpaka niliporudi kuwahi kiti, nikamwamsha mimi kwa kugonga kioo. Yeye simba alimwona ndotoni? Mpigie. Namba yake ipo ubavuni mwa basi, ninayo kwenye picha."

Mzee alisita, akapiga. Mama akasema weka spika.

"Simba?" dereva aliuliza. Nyuma yake injini inanguruma. "Simba gani tena, mzee? Mimi nilikuwa nimelala. Niliandika kama wenzangu walivyoandika. Kwani wao waliandikaje?"

Mwenyekiti aliishusha simu mezani. Aliupitia tena ukurasa kutoka juu mpaka chini, midomo ikichezacheza, kisha akaenda mlangoni akamwita mwongozaji ndani.

"Kesho ingia kazini," alimwambia. "Nitapita kwa askari wa hifadhi, na jioni tutatangaza ng'ombe watoke."

Pole hakusema. Aliongeza tu kwamba kitambulisho hiki hapa, ila koti liko stoo, na mwenye ufunguo ameenda Njombe, atarudi Jumatatu. Mwongozaji akakivaa kitambulisho juu ya shati lililolowa, akasema asante. Asante! Mimi nilikuwa natafuta tusi la kumsaidia, yeye anashukuru. Akatusindikiza mpaka barabarani kusubiri gari la kurudi, ukungu unashuka, meno yake yanagongana na anajitahidi yasisikike. Mimi nilikuwa nimejikunja ndani ya koti langu la mtumba lenye manyoya kolani, nikiwaza maneno ya kumwomba msamaha ambayo hayatachekesha.

Mama alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akasema:

"Vua hilo koti umpe kaka yako. Na ukitetemeka, tetemeka kimya."