Gogo la Reinhold Drews

Ukiingia baa ya Norbert Schlaak, kabla hujaziona chupa utaliona gogo. Limening'inizwa darini kwa minyororo, jeusi, refu kumshinda mtu, na ubavuni bado lina matundu ya meno ya mkuki. Chini yake kuna kibao cha shaba: REINHOLD DREWS, FEBRUARI 1959. Wageni hupenda kupigwa picha hapo huku wakicheka, na kila mwaka hakosekani mmoja wa kuuliza kama huyo bwana alikuwa na akili timamu. Huyo bwana alikuwa kaka yangu, na mimi ndiye mtu pekee aliye hai anayejua kwa nini gogo hilo halijashuka.

Kwetu Stenzel, Wisconsin, kule Marekani, Februari ni mwezi wa sturjoni. Ni samaki wa kale, hana magamba ila mabamba ya mfupa mgongoni, na akiachwa huishi miaka mingi kuliko binadamu. Ziwa likiganda unakata shimo kubwa kama meza kwenye barafu, unaburuta juu yake kibanda kisicho na dirisha, unajifungia ndani, na mkuki wako unaning'inia kwenye msumari mbele ya uso. Giza ndilo linalokupa macho. Maji chini yako huwaka kijani mpaka chini kabisa, ambako umetupa maganda ya mayai ili chochote kitakachopita juu yake kionekane. Kisha unakaa. Saa saba mchana lazima ufunge, ndiyo sheria, na sheria hiyohiyo husema ni samaki wangapi watatolewa kabla msimu haujakatwa. Wapo watu waliokaa hivyo nusu ya umri wao bila kuona hata mkia.

Kaka yangu Reini hakukaa sana. Msimu wake wa kwanza, ndoa yake na Edna ikiwa bado mbichi, aliona kitu kirefu cheusi kikijiviringisha polepole chini ya shimo, akarusha mkuki. Kamba ikakaza. Alipiga kelele mpaka wanaume wakatoka kwenye vibanda vya jirani, wakavuta, wakatukana, wakavuta tena, na kikatoka kipande cha mwaloni kilichokuwa kimelala majini tangu enzi za wakata mbao. Nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye theluji.

Norbert ndiye aliyelipakia lile gogo kwenye gari lake na kulitundika. "Reini," akamwambia mbele ya baa nzima, "siku utakayoniletea samaki, nitalishusha mwenyewe na kulipasua kuni. Mpaka hapo, wewe ni Gogo."

Na Gogo akawa. Kiwandani, alikotengeneza jibini hadi alipostaafu, jina hilo lilishonwa kifuani mwa vazi lake la kazi. Mchungaji naye, siku ya kumbatiza binti ya Reini, alianza, "Ndugu Go," akaishia kukohoa. Reini alikuwa akitabasamu tu, lakini mimi ni dada yake na nilikuwa naijua shingo yake. Ilikuwa inaiva nyekundu. Alichotaka duniani ni kimoja: gogo lile lishuke. Na kwa ubishi wa ukoo wetu, kila Februari alikiweka kibanda chake mahali palepale alipolitoa. Watu walisema amemfuata mdogo wa lile gogo.

Wiki ile ya aibu, aligongewa mlango na Bi Adelheid Kroening. Alikuwa ametufundisha sote kusoma, kisha akastaafu na buti zake za mpira na darubini yake. Alikuwa ameandika kitabu kuhusu ziwa letu kabla sisi hatujazaliwa, kikachapwa nakala chache, na nyingi ya nakala hizo zilikuwa zikisimamisha meza zilizoyumba. Akamtilia moja mkononi. "Ulirusha kabla hujatazama, Reinhold," akasema. "Soma, halafu urudi barafuni." Hakutaka hata kahawa.

Basi kaka yangu akasoma. Alianza kwa adabu, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu. Kisha akasoma kwa sababu hakuweza kuacha. Mle ndani Bi Kroening alisimulia zamani, jinsi wavuvi walivyomchukia sturjoni kwa kuwachania nyavu, wakamtupa ufukweni marundo kwa marundo, na meli za moshi zikamchoma tanurini badala ya kuni. Aliandika kwamba hatukuwa na haki hiyo. Siyo kwamba tungepata hasara, la. Haki hatukuwa nayo. Watu walimcheka mpaka kanisani. Lakini wale watoto aliowafundisha walikua, wakaingia kwenye mabaraza, wakaanza kudai mipaka ya uwindaji. Leo wanaume wa Stenzel hukesha kando ya mto majira ya kuchipua wakilinda samaki wasiibwe wanapotaga, wanakunywa brandi na kujisifu, na ukiwauliza wazo hilo walilitoa wapi, watakuambia ni akili zao wenyewe. Wanaume hao!

Mimi sikukisoma. Niliona ni kitabu cha matope na bata kilichoandikwa na mwanamke asiye na mume wa kumsumbua. Ila nilikisikia, maana Reini alikuwa amekimeza kizima.

Mwaka 1997 moyo wake ulikuwa umechoka. Edna alishafariki. Binti yake, Lorna, alikuwa anakuja Jumapili kumchukua akaishi naye Milwaukee, na daktari alikuwa amemkubalia barafu siku moja tu, Jumamosi, tena asiwe peke yake. Msimu ulikuwa umebakiza wiki nzima, lakini kwake siku ilikuwa ni hiyo. Nikapewa mimi kazi ya kumlinda. Nikabeba mkate, soseji na blanketi, na hasira pia, kwa sababu miguu yangu haipendi baridi.

Mle gizani alianza kukinukuu kitabu, kama kawaida yake.

"'Usimpime kwa ratili kwanza,'" akasema polepole, macho kwenye shimo. "'Mtazame kama unavyomtazama mtu aliyefika mahali hapa kabla yako.'"

"Reini, mchumba wako Bi Kroening alishakufa. Mwache apumzike."

"'Huyu samaki hayumo ziwani mwetu. Sisi ndio tuko kando ya ziwa lake.'"

"Na mimi niko kando ya soseji yangu. Unakula au huli?"

"Wee Verna, ungekisoma ungepungua mdomo."

"Ningepungua mdomo ungeongea na nani?"

Akacheka. Kisha akasema kwa sauti nyingine. "Ningependa tu lishuke kabla sijaondoka. Basi. Ningependa kuingia pale mara moja niitwe Reinhold."

Niliutoa mkate nimkatie.

Nilikuwa nainama kuchukua kisu nilipoona maganda ya mayai yamezimika. Yalikuwa yanang'aa meupe chini kule, mara hayapo. Kitu kilikuwa kimeingia kati yake na sisi, na kitu hicho kilikuwa kinapita. Kichwa kikapita, kipana, chenye pua iliyochongoka. Yakafuata mabamba ya mgongo, moja baada ya jingine, bila haraka, na mwili ukaendelea kuja. Nilingoja uishe. Haukuisha. Nimezaa watoto, nimeona kimbunga kikiing'oa ghala ya baba, na bado sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia pale, nimekalia ndoo juu ya barafu, mnyama yule akipita chini ya viatu vyangu kama mwenye nyumba anayetembea sebuleni kwake. Nilipiga ukelele. Sikuukusudia, ulitoka wenyewe.

Mkia ukapita. Maganda yakarudi kung'aa. Nikamtazama Reini. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Mkuki!" nikasema. "Reini, mkuki!"

"Nimesahau," akasema. Alikuwa analia. "Nilikuwa natazama."

Ningempiga, kweli ningempiga, lakini maji yakawa meusi tena. Samaki alikuwa amegeuka. Safari hii alipanda juu zaidi na akasimama hasa chini ya shimo, karibu kiasi kwamba niliona jicho lake dogo na ndevu zake zikigusagusa maji. Reini akauchukua mkuki kutoka msumarini. Alikuwa na sturjoni wa maisha yake chini ya meno ya mkuki, na hata mtoto asingemkosa.

"Verna," akanong'ona. "Tazama nyuma ya kichwa, kushoto."

Palikuwa na bamba lililokosekana. Mahali pake palikuwa laini, peupe, padogo kama kiganja.

"Otto," akasema.

Hata mimi nilikijua kipande hicho cha kitabu, kwa jinsi nilivyokisikia. Bi Kroening, akiwa msichana, alikaa kibandani na kaka yake Otto, na Otto akamrushia sturjoni mkubwa akamkosa, mkuki ukamng'oa bamba moja nyuma ya kichwa, kushoto. Aliandika kwamba bamba lile lilizama likipinduka, na kwamba tangu siku ile hakuweza kumwona samaki kama nyama tu, kwa sababu alimwona akiumia na kuendelea na safari yake.

Najua mtakachosema. Samaki wengi wana makovu. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na huenda ni kweli. Lakini ninyi hamkuwa pale. Mwanamke yule alikuwa kaburini, Otto kaburini, meli za moshi zimeoza, kitabu chenyewe kilikuwa kinashikilia meza, na ukurasa wake ulikuwa chini yetu unapumua. Nilijikuta nimekishika kitambaa changu cha kichwa nikikivua, jinsi wanaume wanavyovua kofia kanisani.

Reini akaurudisha mkuki msumarini, taratibu, usije ukagonga ubao. Samaki akakaa kidogo. Kisha akaondoka kwa wakati wake.

Mlango ukagongwa. "Kuna nini humo?" Alikuwa Duane Pasbrig wa kibanda cha jirani, anahema. "Nimesikia Verna kapiga kelele! Mmempata?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nayo yote, urefu, kovu, kila kitu, na mimi ni shahidi ambaye Stenzel nzima inajua sijawahi kumsifia kaka yangu bure. Neno langu lingetosha kulishusha gogo lile jioni hiyohiyo, samaki au hakuna samaki. Lakini Reini alikuwa ameshaufungua mlango, mwanga ukimpiga usoni, machozi bado mashavuni.

"Gogo," akasema.

Duane akamtazama. Akatazama shimo. "Usiniambie."

"Gogo, Duane. Nimemtia Verna presha bure."

Duane akajitahidi, maskini, lakini kicheko kilimshinda hata kabla hajageuka. Tulimsikia akikipeleka kibanda hadi kibanda.

"Una wazimu?" nikamwambia mlango ulipofungwa. "Niache nikaseme! Miaka yote hii, Reini!"

"Ukisema, kesho asubuhi vibanda vyote vya ziwa vitakuwa hapa. Unawajua." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Wiki nzima imebaki, Verna. Samaki huyu hatapona."

Nilimjua Norbert. Nilimjua Duane, na misumeno yao, na magari yao. Sikubisha.

Tulipofika baa habari ilikuwa imetutangulia. Norbert alikuwa amepanda kwenye kiti, analipangusa gogo vumbi. "Jamani, gogo letu limepata mke!" Watu walipiga meza. Mtu akamletea Reini brandi, mwingine akamvika msumari kama nishani. Mimi nilikuwa nachemka. Nikasimama, na nadhani ningelipuka, ila alinishika mkono chini ya meza akaubana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Lilikuwa kubwa kuliko hili, Norbert," akasema Reini. "Tena lilikuwa linatembea."

Baa ikaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya ziwa. Nami nikacheka, huku nalia, na hakuna aliyejali kwa kuwa wote walikuwa wakilia kwa kucheka. Niliitazama shingo ya kaka yangu. Haikuiva.

Alifariki Milwaukee kabla majani hayajaanguka. Tulimzika Stenzel, na baada ya mazishi, watu wakila nyama baridi na saladi ya viazi, Norbert alinijia na ngazi begani, macho mekundu. "Nalishusha, Verna. Utani umetosha. Nilipaswa kulishusha zamani."

"Liache."

"Lakini ni aibu yake."

"Ukiligusa, Norbert Schlaak, nitakukata mkono."

Alidhani ni uchungu wa msiba. Akairudisha ngazi.

Kitabu nilikichukua mimi. Nimekisoma sasa, na Reini alikosea, mdomo haukupungua. Nawasimulia ninyi kwa kuwa mko mbali na hamna mikuki ya barafu, na mkija Stenzel mtanyamaza. Bado naenda kila Februari, na kiti changu, hadi pale kilipokuwa kibanda chake. Vibanda vimejaa ziwa zima, ila pale hapana hata kimoja. Kila mtu anajua kwamba mahali pale pana magogo tu.