Kisu cha Mpishi na Daftari la Maji

Tarehe 3 Aprili 1989 aliandikishwa kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu, mfanyakazi nambari 41. Siku hiyo mama yake, mpishi wa klabu, alimpa kisu chembamba kilichokwisha makali. Akamwambia ardhi ni kama keki, haiulizwi kwa macho: chomeka, chomoa, tazama.

Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote. Anapiga goti, anachomeka. Udongo ukiganda kwenye bapa, nyasi zimeshiba, hafungui maji. Wachezaji wakambandika jina la Daktari, wakawa wanamuuliza kama homa ya shimo la saba imeshuka. Siku hizo bondeni kulikuwa na vyura wengi mno, akiwasikia alfajiri kabla hajaliona lango, na sufuria za mama zikigongana nyuma ya dirisha la jikoni. Vyura wamebaki wachache. Jiko limekuwa ofisi ya meneja.

Meneja wa zamani, aliyestaafu mwaka jana, alitaka mashimo tisa ya bondeni yamwagiliwe kila siku, kisu kiseme kisiseme. Daktari hakubishana. Bonde lile hutunza unyevu, kwa hiyo siku nyingi pampu aliiacha ilale, na kwenye daftari la maji akaandika kila siku: "Bondeni, maji kwa saa tatu." Nyasi zikabaki kijani, mkubwa akaridhika, kombe likafunikwa. Mwishowe ikawa mazoea.

Mwaka huu kisima kimepungua. Meneja mpya, binti wa rika la kitindamimba wa Daktari, alijifungia na madaftari wiki nzima, kisha akawaita wafanyakazi. Bondeni kunakunywa kuliko kwingine kote, alisema. Mashimo yale tisa yatafungwa.

Jioni Daktari alimsimulia mkewe, aliyekuwa akikunja nguo. Mkewe hakuinua kichwa. Alisema mficha maradhi mwisho wake unajulikana, na mama mkwe angekuwa hai angemnyang'anya kisu chake.

Asubuhi akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wa jikoni.

"Mwanangu, daftari linasema uongo. Nimeliandika mimi."

"Uongo wa kiasi gani, Mzee?"

"Bondeni nafungua mara mbili kwa wiki. Kiangazi, tatu."

Meneja alizitazama hesabu zake za siku saba, akazifunika kwa kiganja. Alimweleza kwamba kosa hilo linatosha kumfukuzisha mtu kazi. Kisha akauliza anajuaje nyasi zimetosheka. Daktari akaweka kisu mezani.

"Hiki ndicho kipimo?"

"Hicho na magoti. Ila magoti ndiyo yanaanza kukosa makali."

Meneja alijizuia kucheka, hakufanikiwa.

Daktari amepewa onyo la maandishi, la kwanza tangu aajiriwe. Bondeni hakufungwi. Jumatatu pampu itafungiwa mita, na yeye na meneja watayapita mashimo yote kumi na nane kwa miguu, kisu mbele, daftari jipya nyuma.