Tambi Ambazo Baba Hakuziita Chakula

Enzi zetu, na ninasema hivyo nikijua sijafika hata miaka thelathini, tambi za pakiti zilikuwa kitu cha kuonewa wivu mtaani. Leo naona vijana wanamimina maji ya birika kwenye kikombe cha plastiki, wanapiga picha, basi wameshapika. Sisi pale Awendo tulichuchumaa kando ya jiko la makaa tukilinda sufuria kama askari. Kwanza kitunguu, halafu nyanya mpaka zivurugike, halafu zile pilipili ndogo kali zilizoota zenyewe nyuma ya nyumba. Kipakiti cha viungo kikishamwagwa, mdogo wangu Omosh alikirarua na kukilamba ndani hadi kikang'aa. Tambi ziliingia mwisho. Ukizembea kidogo tu, umepika uji.

Nje hewa ilinukia molasi ya kiwanda cha sukari, na trela za miwa zilipita zikiyumba. Tulizikimbilia tukichomoa miwa, tukirudi nyumbani na midomo inayonata, tukachapwa, na kesho yake tukazikimbilia tena.

Baba alikuwa fundi kiwandani. Akitoka kazini alizila zile tambi hadi tone la mwisho la mchuzi, kisha akasukuma sahani na kumwambia Mama, "Sasa leta chakula." Kwake chakula kilikuwa ugali, na mjadala uliishia hapo. Niliwahi kumwuliza, kama si chakula, mbona amezimaliza. Nikaambiwa nikaoshe vyombo. Maswali yangu mengi ya utotoni yalijibiwa kwa vyombo.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Jumanne ya mvua. Dani, mama yake Mama, aliishi upande wa Mbita, mahali ambapo ukisimama uani unakiona kisiwa cha Takawiri. Siku hiyo alikuwa ametoka kliniki ya ugonjwa wa sukari huko Migori, na akirudi alishuka Awendo atusalimie tu, akiwa amesimama, kisha aendelee na safari. Mvua ikaanguka. Trela ya miwa ikalala katikati ya barabara, magari yakakwama pande zote mbili. Dani akalazimika kuingia ndani na kuketi.

Hapo ndipo hofu ilipoingia naye. Baba hakuwa amemaliza mambo ya ng'ombe wa mahari kwa akina Mama, na kwetu sisi Wajaluo mzazi wa mke hali chakula katika nyumba ya mkwe kabla hayo hayajakamilika. Jirani ambaye angemlisha alikuwa ameenda matangani, kufuli liko mlangoni. Na Dani alikuwa ameshameza dawa zake, tumboni akiwa na uji wa asubuhi tu. Nilijua maana yake. Likizo iliyotangulia nilimwona akianguka kwenye uwanja wa kuanikia dagaa wa omena kwa sababu alimeza dawa akachelewa kula, na sikusahau jinsi macho yake yalivyogeuka.

Mama alimletea chai. Akasema hapana, mwanangu. Akamletea ugali na samaki, akageuza uso taratibu, kama mtu anayekwepa jua. Niliona vidole vyake vikianza kutetemeka juu ya mkoba. Baba, kwa heshima ya mama mkwe, hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Alisimama barazani akitupa mgongo, mvua ikimrukia miguuni. Mama alitoka kumnong'oneza, akarudi, akatoka tena. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Omosh alikuwa na njaa na hakuna aliyetukumbuka, kwa hiyo nikapika tambi. Kwa haraka zangu pilipili zikazidi. Harufu ikaingia sebuleni ikatukohoza sote. Dani akainua kichwa.

Baba akaita kutoka barazani bila kugeuka. "Atieno, mwambie dani yako hizo unazopika si chakula. Amwulize mama yako kama aliwahi kunisikia nikiziita chakula."

Dani alimsikia vizuri kabisa, lakini alingoja nimfikishie ujumbe. Nikaufikisha. Akamtazama Mama. Mama akasema ni kweli, hajawahi. Kila akizimaliza huitisha chakula. Mvua iligonga mabati, na mimi nikatazama vile vidole.

"Zina pilipili?" akauliza.

"Zina, Dani."

"Lete basi nionje hiyo pilipili."

Aliionja hadi sahani ikabaki nyeupe. Alivuta tambi kwa vidole akikohoa, machozi yakimtoka, akilalamika kwamba zinateleza kama minyoo, na akaomba nyingine. Mikono yake ikatulia. Nikauliza, kama si chakula, mbona Dani ameshiba? Mama alinifinya paja nikaruka. Barazani mabega ya Baba yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia.

Dani alikufa akiapa kwamba hakuwahi kula kwa baba yangu kabla ng'ombe hawajafika.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama mzaha. Chuo kikuu nilikitumia kuwathibitishia wenzangu kwamba desturi ni watu wazima kukubaliana kudanganyana. Walicheka, nami nikajiona nina akili.

Mwezi uliopita Mama alikuja kwangu Migori kwa mara ya kwanza. Naishi na Chacha, kijana Mkuria, na watu wake bado hawajafika kwetu na ng'ombe. Mama naye sasa ana sukari ile ile. Kwenye simu aliniambia hayo ya ng'ombe ni ya kale, yeye ameokoka. Nikamwamini. Alifika jioni akitoka kliniki, akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Nikaandaa ugali na samaki. Akasema ameshiba. Nikaleta chai. Akasema atainywa baadaye. Nikamwuliza kama amemeza dawa, akaitikia kwa kichwa. Kisha nikatazama vidole vyake.

Niliingia jikoni na hoja zangu zote, na hakuna hata moja iliyonifaa. Nikawasha gesi, nikakata kitunguu, nyanya, pilipili, nikijua kabisa shida iko wapi. Baba hayupo tena wa kusimama barazani. Na katika nyumba hii tambi ndizo chakula. Tunazila karibu kila jioni tukitoka kazini, tumechoka, bila kuona aibu. Enzi zile mtu aliweza kusema hiki si chakula, na neno lake likatosha kumwokoa mtu. Sisi tumekuwa tukiita kila kitu chakula, na sasa nilihitaji kimoja tu ambacho si chakula, sikuwa nacho.

Nikaiweka sahani mbele yake. "Mama," nikasema, nikijaribu sauti ya Baba, "hizi si chakula."

Chacha akainua macho kutoka kwenye simu yake. "Si chakula? Kwani sisi huwa tunakula nini?"

Nikamkanyaga mguu. Mama alimtazama, akaitazama sahani, kisha akautazama mlango kwa muda, kana kwamba kulikuwa na mtu amesimama nje akitupa mgongo. Mvuke ulimfikia akakohoa kidogo. Akautoa mkoba mapajani, akauweka sakafuni.

"Zina pilipili?" akauliza.