Nyuma ya Kiambaza cha Matete

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, shule yetu ya Kamachumu ilikarabati msonge mmoja wa zamani kule Izigo, nyumba ya nyasi kuanzia kileleni mpaka chini, ili wageni waje kuona Wahaya walivyoishi. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari, Kiingereza changu kimenyooka, nikapewa kazi ya kuwatembeza. Mwenye nyumba, mjane, alikuwa amehamia nyumba ya bati pale pale kando. Binti yake nilikuwa nimemposa.

Niseme wazi: kazi niliiweza. Nilieleza habari za meko, za nyasi mbichi zinazotandikwa sakafuni, za mahali walipolala ndama, na hakuna aliyepiga miayo.

Jumamosi moja walikuja Mzungu na mkewe, pamoja na mfanyabiashara wa Bukoba mjini. Mjane alikaa mlangoni na buni za kutafuna ndani ya jani la mgomba, maana kwetu mgeni haondoki bila kupewa. Nikavuka kiambaza cha matete, nikawaonyesha kitanda, nikakikalia, nikarukaruka kidogo waone kilivyo imara.

"Taratibu, mwalimu!" mfanyabiashara akacheka. "Utakivunja kabla ya harusi."

Mjane akaita kutoka mlangoni, uso kaugeuzia nje. "Mwanangu, toka. Hapo ninalala mimi."

Kwetu mkwe hakanyagi mahali anapolala mama wa mkewe. Nililijua hilo tangu utoto.

"Mae, hii sasa ni makumbusho. Wewe ulishahama."

"Nani kakuambia nimehama?"

Mzungu akauliza mama anasemaje. Ningenyamaza nikatoka, yangeishia hapo. Badala yake nilitafsiri, nikatia na chumvi, wakacheka wote. Mjane hakujua Kiingereza, lakini kicheko alikielewa.

Wakati wa kuondoka alimpa kila mgeni buni zake kwa mikono miwili. Alipofika kwangu akalikunja jani.

"Zimekwisha," akasema. Nilikuwa nimeziona zimejaa.

Vijana wangu husema mila zile zilikuwa ngumu mno. Sikubaliani nao. Mila haikunikosea kitu. Ni mimi niliyedhani nyumba ikishaitwa makumbusho haina mwenyewe.

Kesho yake mshenga wangu alikwenda Izigo na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alirudi jioni nacho kimejaa vilevile, akakitua mlangoni kwangu.

"Kunywa mwenyewe," akasema, akaenda zake.