Mpigaji Aliyeshindwa Kumwamuru Mzee

Habari ya msiba ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa sokoni Biharamulo, kwa simu ya dada wa rafiki yangu. Aliniambia kwa maneno machache kwamba ndugu yake, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akifundisha Kasulo, amefariki baada ya kuugua majuma matatu, na kwamba maziko ni kesho yake nyumbani kwao Bukiriro. Wasomaji wengi wa safu hii hawakumjua. Hata wilayani kwao Ngara walikuwapo waliomjua kama mwalimu tu, wasijue kwamba mara mbili alikaribia kuichezea nchi yetu kriketi. Naandika kwa sababu nilikuwapo siku ile nafasi ilipomponyoka, na kwa sababu alichokifanya baada ya hapo kimenifundisha zaidi ya ambavyo ushindi wake ungenifundisha.

Mchezo huo aliupata Mwanza, kwenye shule ya bweni. Aliporudi kufundisha, alichonga magongo kwa mti wa musizi, akazungushia mipira ya tenisi utepe wa mafundi umeme, akaanza kucheza na yeyote aliyekubali. Warushaji wake wakali walikuwa vijana wa Kisukuma wa Kaniha, waliozoea tangu utotoni kurusha fimbo na mawe nyuma ya ng'ombe. Kazi yao ilikuwa kuviangusha kwa mpira vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma ya mpigaji. Walikuja Jumamosi kwa pikipiki, na kelele zao zikitangulia. “Mwalimu, leo hivyo vijiti vyako vitatu tunaondoka navyo, tukapikie ugali!” Naye hujibu, “Njooni na unga kabisa, maana kuni hampati.” Uwanja ulikuwa wa changarawe nyekundu, na mpira ukigonga jiwe uliweza kuruka kifuani au kupita chini kama panya. Kwa hiyo alijifunza kutouharakia. Aliusubiri mpaka ugonge ardhi, auone unakokwenda, ndipo gongo lake lishuke. Mimi nilikuwa mwandishi wa matokeo, kazi niliyojifunza kutoka kitabu cha sheria alichoniazima, na sikumbuki kumwona akiupiga mpira kwa pupa.

Alipoitwa Dar es Salaam kwenye majaribio ya timu ya taifa, nilisafiri naye, kwa kuwa nilikuwa na vipuri vya kununua. Katika kriketi wapigaji wawili huwa uwanjani kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Mpira ukipigwa, hukimbia wabadilishane pande, na kila wakibadilishana ni mkimbio mmoja; lakini vijiti vya upande mmoja vikigongwa kwa mpira kabla anayeukimbilia hajafika, hutolewa. Aliyeuona mpira vizuri ndiye anayetoa amri kwa sauti: njoo, au rudi. Mwenzake hutii bila kugeuka kutazama. Siku ile alipangwa na mchezaji mkongwe mwenye mvi, aliyekwisha kuichezea nchi miaka mingi. Mwalimu alianza vizuri mno. Alikuwa amepata mikimbio thelathini na kitu, na wateuzi wawili walikuwa wamesogeza viti vyao mbele. Kisha akaupiga mpira pembeni, mzee akaanza kukimbia, na mwalimu akaona wazi kwamba mpira umekwisha kuokotwa na mpinzani aliye karibu. Ilimpasa kupaza sauti neno moja. Nilimwona akifungua mdomo. Neno halikutoka. Mzee akaendelea kuja, na mwalimu, badala ya kumwacha aaibike, aliuacha upande wake uliokuwa salama akakimbilia ule wa hatari, ili atolewe yeye. Akatolewa. Mzee naye hakudumu. Mpira wa pili baada ya hapo ukamng'oa, maana alikwisha kuvurugika.

Walikutana kwenye kivuli cha jengo, nami nikiwa pembeni na daftari langu. “Shikamoo, mzee,” mwalimu alisema, kana kwamba hawakuonana tangu asubuhi.

“Marahaba. Uliuona ule mpira?”

“Niliuona.”

“Sasa mbona hukuniambia nirudi?”

“Ningekuamuruje, mzee? Umri wako ni wa baba yangu.”

Mzee akacheka bila furaha. “Huko ndani mimi si baba yako. Mimi ni mwenzako wa upande wa pili. Ukininyamazia, umenitupa.”

Katika orodha ya mwaka huo jina lake halikuwemo. Njiani kurudi hakulalamika. Alichofanya ni kupanga mazoezi ya kupaza sauti, kama vile mwingine angepanga mazoezi ya mkono. Alimwomba baba yake mdogo, katekista wa Bukiriro, awe mwenzake wa kukimbia. Alichagua mtu huyo makusudi, kwa kuwa mwalimu hakumwogopa yeyote kama huyo. Jioni ya kwanza akajikaza, akasema, “Rudi!”

Katekista akasimama katikati ya njia. “Nani arudi?”

“Wewe, baba mdogo.”

“Nirudi kama mbuzi aliyeingia shambani?”

Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage jirani wakaacha majembe. “Katekista, rudi bwana, utaanguka!” Kicheko kilivuka mgomba hadi mgomba. Katekista alinuna siku mbili, ya tatu akarudi mwenyewe, amevaa raba.

Mwaka uliofuata mwalimu aliitwa tena, akapangwa na mzee yule yule, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka barabarani: “Mzee, rudi!” Mzee akarudi, akapona, akapiga mikimbio mingi. Wachezaji kumi na wanne wakateuliwa kusafiri. Mwalimu akawekwa wa kumi na tano, wa akiba. Wiki nne alikaa na simu mfukoni, hata darasani, akingoja kusikia kwamba mmoja ameumia. Hakuumia mtu. Miaka iliyofuata walipatikana vijana wenye miguu myepesi zaidi, naye hakuitwa tena. Nilimuuliza kama aliona ameonewa. Akafikiri kama afikirivyo mbele ya hesabu. “Hapana. Kwa siku walizonipima, wapo kumi na wanne walionizidi. Ninachojutia ni ule mwaka wa kwanza. Ule nilijinyima mwenyewe.”

Nimelitafakari jibu hilo nikitazama kazi zetu. Si mbali na ninapokaa, ukuta wa ghala ulianguka kabla ghala halijaezekwa. Fundi mdogo alikwisha kuuona umepinda kwa siku tatu. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alisema fundi mkuu ni mtu mzima. Sote tumelelewa hivyo, na sisemi tulilelewa vibaya. Lakini wahenga waliosema heshima si utumwa nadhani walikwisha kuona kuta nyingi zikianguka.

Mwalimu hakuishia kutafakari. Darasani kwake Kasulo aliweka kanuni: mwanafunzi akiona kosa ubaoni, aseme papo hapo, bila kunyoosha mkono. Siku moja alikuja mkaguzi, akaketi nyuma. Mwalimu akaandika saba mara nane ni hamsini na nne, sijui kwa bahati mbaya au makusudi. Sauti kama ishirini zikalipuka: “Mwalimu, hapana!” Mkaguzi aliruka kitini. Baada ya kipindi akamwambia, “Watoto wako hawana adabu.”

“Wanayo, mkaguzi,” mwalimu akamjibu. “Wangekuwa hawana, wangeniacha niendelee kukosea.”

Hakuipata nafasi aliyoitafuta, na sitamwongezea sifa kwa kusema aliipata kwa namna nyingine. Alikuwa mpigaji hodari aliyechelewa kwa neno moja, kisha akatumia miaka iliyobaki kuhakikisha watoto wa watu wengine hawachelewi. Anayemheshimu mkubwa wake kweli na amwambie mapema, mkubwa huyo angali na nafasi ya kurudi.